Juu ya nini komine haiwezi kutengeneza nyumba ya muntu wa shida? Tusemezane, Lushi

Mwana_Katuba
Jambo bote. Jirani yetu huku Katuba, komine (wilaya) moja ya muji wa Lubumbashi, mama mujane, shiye tunamuitaka Mama Mukubwa, mukono na muguu ya kuume vilikufa toka mwaka jana kisha tansio (presha) kumupiga. Nyumba iko yake, ya matofali mabichi, na malata (mabati) ya zamani sana yenye kushikwa na mabwe na mipira mibovu ya motokari. Mvula ikinyesha anategesha masafuria tatu chini na beseni moja juu ya kitanda, yeye analala pembeni ya beseni. Haina kusema anaweka beseni pembeni yake, hapana, beseni njo iko na nafasi yake pa kitanda, yeye anatafuta yake. Choo iko nyuma ya lupango (kiwanja), ngazi tatu, usiku batoto betu banamubeba.

Sasa mutoto wa dada yake mwenye anaishi Uingereza alituma audio, anasema kule komine ilikuya kutengeneza nyumba ya mzee mumoja jirani yake, baliweka dushi ya chini, balipanua mulango, balijenga na njia ya kigari pa nafasi ya ngazi, na mzee hakulipa ata franga moja. Komine! Haina ONG (shirika la msaada), haina kanisa. Njo minauliza, huku kwetu komine iko na makuta (feza) ya madini, iko na taksi (kodi) ya soko kila asubui, juu ya nini haiwezi kununua ata malata kumi kwa muntu kama huyu? Munijibu bila kutukanana.

Kalume_Kenya
Komine inunue malata? Ndugu yangu, ile biro yenyewe inavuja. Nilienda kutafuta atestasio mwezi wa pili, karani alisogeza meza mara mbili mbele yangu juu ya matone. Anza kulomba malata ya komine kwanza 😂

Ya_Mado
Kalume umenichekesha lakini swali ni ya maana. Mie najiuliza ile ya Uingereza ni kweli ao ni story za diaspora. Banakuyaka na story zao, ukifika kule unakuta analala mu saloo ya rafiki.

Fiston_Leeds
Ya Mado salamu, mie niko na kitanda yangu asante 😅

Ni kweli, lakini haina vile audio inasema. Ile feza inaitwa Disabled Facilities Grant, inapita ku komine, kule banaita council. Hawatoi juu ya huruma, ni sheria ya 1996 inabalazimisha. Ukijaza dosie yote sawasawa, council iko na miezi 6 ya kukujibu. Mu England haipite pauni 30,000, mu Wales 36,000. Na ni ya bantu benye bulemavu, nyumba iweze kubasaidia kuingia, kuoga, kupika, kulala. Haina juu ya malata yenye kuvuja, ile ni mambo ingine.

Na "hakulipa ata franga moja" inategemea. Muntu mukubwa banaangalia mapato yake na akiba, ukiwa nayo utachangia, ingine utalipa yote mwenyewe. Ila kama mulemavu ni mutoto hawapimi mapato ya bazazi. Na kuko kungoja! Kwanza anakuya muntu mwenye alisomea kazi ya kuangalia namna unatembea ndani ya nyumba, anapima mulango, anaangalia unashika wapi ukisimama, ataandika raporo. Nilimusindikiza mama mumoja wa Bukavu kumutafsiria, ule muntu alikaa saa nzima mu chumba cha kuogea anamuangalia paka namna anainua muguu. Saa nzima. Juu ya muguu moja.

Ingé_Kampemba
Umeona. Tatizo ya kwetu haina makuta, ni bukosefu ya ule muntu wa saa nzima. Makuta iko. Sheria ya mine (machimbo ya madini) ya 2018 inasema komine banapata 15% ya faida ya kampuni za madini. 15%! Unajenga Katuba yote mupya.

Zamani_mu_komine
@Ingé pole pole. Haina 15% ya faida. Ni 15% ya redevansi, ile kampuni inalipa juu ya beyi ya mali yenye anauzisha. Redevansi ya shaba ni 3.5%, kobalti ilipandaka 10% toka baliiita stratejike mwisho wa 2018. Ile yenyewe njo banagawanya: 50% serikali kuu, 25% provinsi, 15% komine ao shefri (eneo ya shefu wa mila) yenye mine iko ndani yake, 10% mufuko ya vizazi vya kesho. Unaona vile inapunguka? Na sikia neno la mwisho: YENYE MINE IKO NDANI YAKE. Katuba iko na mine gani? Komine Kenya ya hapa Lushi? Kamalondo? Mine ya Kamalondo ni bar.

Nilifanyaka kazi mu komine moja hapa mujini miaka sita, sitaitaja. Yetu haikuwa na mine. Tulikuwa na soko, fishi za parsele (karatasi za viwanja), na ile ristrosesio ya provinsi (sehemu ya mapato yenye inarudishia komine) yenye tulikuwa tunaingojea sawa vile bantu banangojeaka mvula mu Oktoba. Katiba inasema, artikle 175, provinsi zibakiye na 40% ya mapato ya taifa kabla hayajaenda Kinshasa, na provinsi nayo igawie komine na mashefri sehemu yake. Umesha kuona wapi? Inaenda kwanza Kinshasa, kisha inarudi kama inarudi. Mwezi moja tulipewa ya kulipa karatasi na wino. Sasa weye unaingia unalomba malata ya mama mumoja, na nyuma yako kuko mulolongo wa bantu mia mbili.

Kalume_Kenya
"Mine ya Kamalondo ni bar" nimekufa 😂😂 lakini ile mine inalipa taksi kuliko ya shaba.

Mzee_wa_Cité
Batoto, jambo. Munaongea sawa vile hii mambo haijafanyikaka hapa. Ilifanyikaka hapa hapa, na haswa Katuba. Kisha vita ya pili ya dunia, wakati wa Babelgiji, mukubwa wa cité alikuwa Grévisse, bantu balikuwa banasema "sistemu Grévisse". Baba yangu alipata lupango, serikali ikamupatia sima, malata na milango, na muntu wa kumuonyesha namna ya kujenga, yeye mwenyewe na bandugu balijenga. Ukipita njia za Katuba leo utaona zile nyumba zingali zinasimama, zenye barza mbele. Kisha tena 1955 mufalme Baudouin wa Ubelgiji akarudi kwao kutoka kututembelea, balianzisha Fonds du Roi juu ya kusaidia bantu ba mushahara mudogo kujenga. Sasa munasema haiwezekane?

Mwalimu_Ruashi
Mzee heshima yako, lakini tuseme yote. Sistemu Grévisse ilikuwa mukopo, haikuwa zawadi. Baba yako alilipa, kila mwezi, na walikuwa wanachagua mwenye kazi, mwenye bibi wa ndoa, mwenye "tabia nzuri". Mujane bila mushahara hakuwa ndani ya ile liste, mujane alikuwa anaambiwa arudi kwao mugini. Hatuwezi kuchukua mambo ya wakoloni tukaita ni msaada kwa wanyonge. Ilikuwa namna ya kushika mufanyakazi asitoroke.

Mzee_wa_Cité
Mwalimu, baba alilipa ndiyo. Lakini malata balimupatia kwanza, alilipa kisha. Leo nani atakupatia malata kwanza?

Ya_Mado
Hapo Mzee amefunga mulango na ufunguo.

Mama_Bijou
Mie nataka niseme ya kwetu, juu mulianza kuongea sima na malata, na tatizo haiko pale.

Shangazi yangu, mujane, komine Kenya, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili imeanza kumung'unyuka chini. Munajua namna matofali mabichi inakufa: haianzie juu, inaanzia chini pa magoti, matone ya malata inaruka inapiga ukuta, kila mwaka inakula kidogo, mpaka ukuta inakuwa nyembamba chini na nene juu sawa kabichi pa bua. ONG moja (siitaji) ikakuya na projé, ikatengeneza nyumba kumi, yake ilikuwa ya saba. Baliweka msingi ya mabwe, balipiga sima mpaka pa madirisha, malata mapya BG 28, mulango ya chuma. Tukapiga kigelegele, tukakula kuku. Miezi minne. Miezi minne, kisha shemeji zake bakakuya na karatasi: lupango iko kwa jina ya marehemu, na marehemu ni ndugu yetu. Mbele, wakati nyumba ilikuwa inaanguka, ata salamu hawakuleta. Sasa nyumba iko na mulango ya chuma, njo bakakumbuka kama ndugu yao alikuwaka na nyumba.

Shangazi leo anaishi kwangu. Mu ile nyumba kunaishi mupangaji, dola 80 kwa mwezi.

Kwa hiyo @Mwana_Katuba mbele ya kulomba malata ku komine: fishi ya parsele iko kwa jina ya nani?

Kalume_Kenya
...

Mwana_Katuba
Mama Bijou pole sana. Nitaenda kuuliza.

Avoka_wa_Mtaa
Pole Mama. Lakini ile ni wizi, haina sheria. Code ya familia, ile ya 1987 yenye walirekebisha 2016, inaweka batoto ba marehemu kuwa bariti (warithi) wa kwanza. Ndugu za marehemu hawawezi kupita mbele ya batoto. Na mujane iko na haki ya kubakia ndani ya nyumba yenye alikuwa anaishi na bwana yake. Shangazi alikuwa na batoto?

Mama_Bijou
Batatu. Mukubwa alikuwa na miaka kumi na ine. Ulitaka aende tribinali na uniforme ya masomo?

Avoka_wa_Mtaa
Nimekusikia. Tuandikiane kando.

Kwa wengine, hii njo sababu ya kweli kwa maoni yangu: serikali haiwezi kuweka makuta ya bantu bote mu nyumba yenye haijulikane ya nani. Toka sheria ya Julai 1973 udongo yote ni ya Leta (serikali), weye unapewa paka haki ya kuitumia, na haki kamili ni ile sertifika danrejistrema (hati ya kuandikisha kiwanja). Mu cité nani iko nayo? Kila mutu fishi ya parsele, ingine ya babu, ingine yenye kuandikwa na bik juu ya jina lenye kufutwa. Siku komine itajenga nyumba ya Mama Mukubwa, kesho yake watakuya bantu batatu wenye karatasi tatu.

Ingé_Kampemba
Na Leeds wanafanyaka nini? Mzee akitengenezewa kisha akiuza je? @Fiston

Fiston_Leeds
Swali nzuri. Mbele ya kupewa unatia saini kama utaishi pale miaka 5, mpaka ugonjwa ikushinde. Kama nyumba ni yako na feza ilipita pauni 5,000, council inaweza kuandika deni juu ya nyumba, ukiuza ndani ya miaka 10 inaweza kukulomba urudishe, mwisho pauni 10,000. Na mupangaji naye anaweza kulomba, ila mwenye nyumba lazima akubali. Makuta yenyewe inatoka ku serikali kuu, council inagawanya.

Kwa hiyo Avoka ni kweli, yote inasimama juu ya karatasi ya nyumba. Kule jina ya mwenye nyumba unaikuta ku intaneti kwa pauni chache.

Kalume_Kenya
Hapa pia unaikuta kwa pauni chache, inategemea unamupatia nani 😂

Zamani_mu_komine
Sikubaliane na Avoka. Karatasi ni kisingizio. Wakati wa kulipisha fishi ya parsele, komine inajuaka vizuri sana nani anaishi wapi, ata choo inahesabia. Wakati wa kusaidia njo tunasema hatujui nyumba ni ya nani? Tatizo ni hakuna laini mu bajeti. Nilikuwa ninaona zile bajeti. Kuko laini ya mishahara, ya misiyo, ya "usaidizi wa jamii" yenye ilikuwa inalipa majeneza ya bafanyakazi na mazishi. Muntu muzima hakuna laini yake. Ukifa tunakununulia sanduku, ukiwa muzima na unanyeshewa, hapana.

Mwalimu_Ruashi
Hii ya sanduku inauma.

Niongeze, Katiba artikle 48 inasema nyumba ya heshima ni haki, pamoja na maji na moto ya umeme. Na kuko sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za bantu wenye bulemavu. Maandishi hatukosi. Ata programu ya 145T, ile ya kujenga masomo (shule) na santé (vituo vya afya), jina yake inasema: teritware 145. Lubumbashi ni muji, haina teritware, kwa hiyo ata ile inapita kando yetu.

Birere_2002
Jambo kutoka Goma, naomba niingie. Kwetu kisha lava ya Januari 2002, mashirika yalileta mbao na mabati, batu wengi wakajenga juu ya ile lava ikingali na moto chini, mbao inakauka yenyewe. Hakuna mutu aliulizwa karatasi sana, juu lava ilikuwa imeonyesha nani hana nyumba, unasimama juu ya jiwe lako unasema "ni hapa". Na zile nyumba za mbao zilikuwa za muda, si ndio? Batu bangali ndani. Mwaka 2021 lava ikateremka tena upande wa Buhene, wakaanza upya liste. Sasa nashangaa, ni lazima volkano ipasuke ndio serikali ione nyumba mbaya? Mutu mwenye nyumba yake inaanguka pole pole kwa miaka kumi hana liste.

Kalume_Kenya
"Batu" 😂 karibu sana ndugu wa Goma. Huku tunasema bantu, hatupunguzi muntu.

Birere_2002
Na nyinyi munasema malata kama munaongea Kibemba. Tuachane 😂

Ya_Mado
Ya liste niko na neno. Kartie yetu walikuyaka kuandika "familia za shida". Shefu wa kartie akaleta majina 30. Nilisoma ile liste mwenyewe ilikuwa imebandikwa pa ukuta: nambari ya kwanza shemeji yake, mwenye duka ya sima. DUKA YA SIMA. Nambari ya tisa alikuwa amekufa Pasaka. Mama mwenye anaishi pa kona na batoto wake wawili viziwi hakuwa ndani. Nikamuuliza shefu, akanijibu "ule hakukuya ku mukutano". Atakuyaje ku mukutano? Nani alimuita, na kengele?

Kwa hiyo Fiston na ule muntu wako wa saa nzima, huku akiketi saa nzima watamupatia kiti nzuri na fanta, na mwisho ataandika jina ya mwenye fanta.

Papa_Toto
Nimesoma yote. Mbona hakuna mwenye anasema familia? Muko munalaumu komine, provinsi, Kinshasa, Grévisse. Mama Mukubwa ana batoto? Mutoto wa dada yake yuko Uingereza anatuma audio. Atume malata! Audio haizibe mvula.

Mwana_Katuba
@Papa_Toto batoto wawili, mumoja alikufa, mwingine alienda Kolwezi kuchimba, toka ule mwaka hatujamusikia. Yule wa Uingereza anatumaka dola 50 ya dawa kila mwezi, sitaki mumuseme.

Papa_Toto
Basi samaani. Lakini nasimama pale pale, tukizoeza Leta kufanya kazi ya batoto, batoto wataacha.

Fiston_Leeds
Papa Toto hapa pia wanasemaka vile. Ule mzee wa audio alikuwa na batoto bane, wote mujini. Kila mumoja alikuwa anangoja mwingine.

Kabongo_mupangaji
Na shiye bapangaji? Munaongea wenye nyumba tu. Baba yangu mulemavu, tunapanga Kampemba, nililomba mwenye nyumba niweke sima pa ngazi kwa makuta YANGU, akakubali. Nikajenga vizuri, ata ukingo wa mukono nilichomelesha. Mwisho wa mwezi akasema nyumba imekuwa nzuri, garanti (makuta ya kuweka mbele) inapanda mpaka miezi sita. Nilimuambia sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipite miezi mitatu. Akanijibu "basi peleka ile sheria ikupangishe".

Kalume_Kenya
Sheria haina chumba cha kupangisha 😂😂 pole kaka

Ingé_Kampemba
Tunachekaka lakini hii ni sawa na ya Mama Bijou. Nyumba ikipata buzuri, mwenye nguvu anaikumbuka. Labda tuache kutengeneza nyumba, tutengeneze kwanza choo yenye haitamaniwe na mutu.

Mwana_Katuba
Nimerudi. Nilienda kwa Mama Mukubwa jana. Fishi ya parsele aliitosha chini ya godoro, ndani ya saché, ndani ya saché ingine, ndani ya bahasha ya radio (eksirei) ya hospitali. Iko kwa jina ya marehemu bwana yake. Shemeji wawili, mumoja Likasi, mumoja hapa Ruashi. Nilimuambia ile ya Mama Bijou. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi muache malata ya zamani. Haya yananichunga."

Sijui nijibu nini.

Mama_Bijou
😢 Mama anajua.

Avoka_wa_Mtaa
Usiache. Mutoto wa Kolwezi njo muriti. Tafuta ata nambari ya rafiki yake. Na ule shemeji wa Ruashi muende mumuone na wazee ba kartie MBELE ya kupanda juu ya nyumba, aandike kama hana neno. Haitakuwa sheria kamili lakini itamupatia haya.

Zamani_mu_komine
Mie nitaandika barua kwa burgumesita (mukubwa wa komine), najua namna wanapendaka ziandikwe. Hatatoa kitu, lakini akiweka mihuri pa akize (kopi ya kuonyesha barua ilipokelewa), ile karatasi yenye jina ya Mama na "nyumba anayoishi" shemeji akiiona ataogopa kidogo. Mihuri ya komine haizibe mvula lakini inafukuzaka shemeji.

Mzee_wa_Cité
Mama Mukubwa ni wa avenue gani? Bwana yake hakuwa wa reli?

Mwana_Katuba
Ndiyo Mzee, wa reli.

Mzee_wa_Cité
Ule shemeji wa Ruashi namujua. Nitaenda mie. Alikulaka kwangu miaka miwili.

Ingé_Kampemba
Nyumba ina mita ngapi? Chumba na saloo?

Mwana_Katuba
Nilipima na hatua, tano kwa sita hivi. Mbao mbili za juu zimeoza, zingine nzima.

Ingé_Kampemba
Hesabia malata 18 ya mita tatu, na uzidishe juu malata ikitoka nje kidogo matone hayatapiga ukuta, ile Mama Bijou alisema ya magoti. Musinunue BG 32, ni nyembamba, upepo wa Septemba unaikunja sawa gazeti. Mie natoa matatu. Na ngazi za choo nitakuya kuangalia Jumamosi, tunaweza kuteremusha na mabwe.

Fiston_Leeds
Matano. Munitumie nambari ya Ya Mado, yeye njo mwenye kunishitaki nalala kwa saloo.

Ya_Mado
😅 Mawili, na misumari kilo mbili.

Kalume_Kenya
Mie natoa nguvu ya kupanda juu. Na mapya yakifika, ya zamani tunayaweka wapi? Musitupe, mulango ya jikoni yangu inaangalia mvula.

Mwana_Katuba
Aliisha kuyapana. Anasema yafunike choo.